Laptopu ya Gemu Inayosema Kichina na Kuzima Ovyo: Ninavyoishughulikia Hapa Ngamiani, Tanga

Kijana wa Makorora alifika kwenye banda langu na baiskeli, laptopu ameizungushia kanga ya mama yake na kuilaza kwenye kikapu cha mbele. "Shikamoo shangazi. Nimeambiwa inataka kupigwa Windows tu." Nikamwitikia, nikamwuliza imeshapigwa mara ngapi. Mara mbili, kwa mafundi wawili, na mara zote mbili imerudi vilevile: menyu zote za Kichina, gemu moja halifunguki kabisa, na gemu la mpira likifika kipindi cha pili mashine inazima puu, kioo cheusi.

Laptopu za namna hii ninazipokea sana. Zimetumika Uchina, Japani, Uturuki au Dubai, zina kadi ya grafiki yenye nguvu, na zinauzwa kwa bei ambayo mpya huigusi. Nazipenda. Kinachoniuma ni kuona kijana aliyedunduliza mwaka mzima anafutiwa mafaili yake yote kwa sababu fundi hakutaka kukaa nayo nusu saa. Kupiga Windows, yaani kuiweka upya, ni dawa ya mwisho. Maandishi na kuzima ni magonjwa mawili, yatenganishe kwanza. Kisha angalia kama kuna mahali yanapokutana, maana wakati mwingine yanakutana.

Soma uharibifu wenyewe kabla hujabonyeza kitu

Mteja akiniambia "maandishi hayasomeki" huwa bado sijajua lolote. Kuna kutosomeka kwa namna nne, na kila moja ina mlango wake.

Kama ni Kichina au Kituruki safi, kimepangika vizuri, basi hakuna kilichoharibika. Ni lugha ya mfumo tu. Ukiona viboksi vitupu vimejipanga kama matofali, herufi zipo salama ila fonti ya kuzichora haipo. Ongeza fonti ya lugha hiyo nazo zitajitokeza. Alama za kuulizia mfululizo, ?????, ni habari mbaya zaidi: programu ilishindwa kubadilisha herufi, ikaitupa na kuweka ? mahali pake. Kama ? hizo zimeshahifadhiwa ndani ya faili, ubadilishe mpangilio usibadilishe, herufi hairudi. Faili lenyewe lipatikane upya.

Ya nne ni takataka za herufi, na hii ndiyo inayowapoteza watu wengi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Kiswahili kimebahatika, herufi zake ni zile za kawaida zisizo na mikia wala vitone. Lakini tuna ng’. Kile kialama cha juu ukikiandika kwenye simu mara nyingi hutoka kimepinda, na ndani ya faili kinakaa kama baiti tatu za UTF-8, mpangilio wa kisasa wa kuhifadhi herufi za lugha zote. Fungua faili hilo kwa programu ya kizamani kwenye Windows iliyopangwa kwa Uingereza au Marekani, utaona ngâ€™ombe. Lifungue kwenye Windows iliyopangwa kwa Kichina, utaona ng鈥檕mbe. Itazame vizuri hiyo ya pili: herufi o haipo. Mpangilio ule wa Kichina, namba 936, hushika baiti mbili na kuzifanya herufi moja. Baiti mbili za kwanza za kialama zimekuwa herufi, ya tatu imebaki peke yake, ikamkamata jirani yake o na kummeza.

Sasa fikiria kwamba neno hilo ni jina la folda ambayo gemu linatakiwa kuifungua. Gemu linatafuta folda ambayo haipo duniani. Linafunga. Hapo ndipo magonjwa mawili yanapokutana, na ndiyo sababu nauliza maandishi yakoje hata mteja akiwa amekuja kwa ajili ya kuzima tu.

Kubadili lugha usiyoweza kuisoma

Watu huhangaika na kamera ya simu, wanatafsiri kitufe kimoja kimoja. Inasaidia, lakini kuna njia fupi: amri za Windows hazitafsiriwi. Ni zilezile Tanga, Beijing na Istanbul.

Shika kitufe cha Windows, bonyeza R. Kitatokea kisanduku kidogo chini kushoto. Andika cmd, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Ukiandika halafu zikatokea herufi za Kichina badala ya cmd, bonyeza Shift mara moja uanze tena. Windows itauliza kama unaruhusu. Kitufe cha kushoto ndicho ndiyo. Kwenye Windows ya Kiarabu kila kitu kimegeuzwa, kwa hiyo ndiyo iko kulia.

Kwenye dirisha jeusi andika hivi:

dism /online /get-currentedition

Maelezo yatakuja kwa Kichina, lakini mwisho wa mstari mmoja kutakuwa na neno la herufi za kawaida. Likiwa Core au Professional, shukuru Mungu, lugha inabadilika bure. Likiwa CoreSingleLanguage, toleo hilo linakubali lugha moja tu. Likiwa CoreCountrySpecific, ni toleo la nyumbani lililotengenezwa kwa soko la Uchina, nalo halikubali kubadilishiwa lugha hata ukeshe nalo. Hapo ndipo mafundi wawili wa kwanza walipokwama bila kujua. Walitumia ile njia ya kurejesha Windows huku mafaili yakibaki, na njia hiyo huchukua Windows ileile ya Kichina iliyomo ndani na kuisimamisha tena.

Kwa matoleo hayo mawili njia ninayoiamini ni kununua ufunguo halali wa Professional na kuuingiza. Mfumo unapanda toleo, mafaili yanabaki, na baada ya hapo lugha inaongezwa kama kawaida. Tafadhali usikubali zile programu za kuvunja leseni. Nimeshasafisha virusi vingi mno vilivyoingia kwa mlango huo, na mteja hulipa mara mbili.

Ukishakuwa na toleo linalokubali, rudi kwenye kisanduku cha Windows na R, andika:

ms-settings:regionlanguage

Unafika moja kwa moja kwenye ukurasa wa lugha. Bonyeza kitufe cha kuongeza, andika English kwenye sehemu ya kutafutia, chagua. Kwa Windows 11 mimi napita njia ya PowerShell, dirisha jingine la amri; naandika powershell kwenye kisanduku cha Windows na R, nikiifungua kama cmd ile ile, kwa Ctrl, Shift na Enter:

Install-Language en-US
Set-WinUILanguageOverride -Language en-US
Set-WinUserLanguageList en-US -Force

Ya kwanza inashusha kifurushi cha lugha, kwa hiyo kama unatumia bando la simu, hakikisha linatosha na usifunge dirisha kabla haijamaliza. Kisha toka kwenye akaunti na uingie tena. Kama mashine ingali na Windows 10, kumbuka msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ikiwa inastahili 11, hamia huko kwanza ndipo uhangaike na lugha.

Ile amri ya tatu ina faida nyingine: inaondoa kibodi ya Kichina. Binti mmoja wa Chumbageni aliniletea mashine akisema gemu linamtupa nje kila akikimbia. Kwenye gemu lake Shift ndiyo kukimbia. Kwenye kibodi ya Kichina Shift hugeuza kuandika kati ya Kichina na Kiingereza, kwa hiyo kila akikimbia huku ameshika W, kijisanduku cha herufi kilikuwa kinajitokeza juu ya mchezo na kuupokonya kioo. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Kama hutaki kuiondoa kibodi hiyo, zoea kubonyeza Windows na nafasi kabla ya kuanza kucheza.

Menyu zimebadilika lakini gemu bado ni takataka

Hii huwashangaza watu. Lugha ya menyu ni kitu kimoja, na mpangilio wa herufi kwa programu za kizamani ni kitu kingine. Ujue uko wapi: kwenye cmd andika chcp. Utapewa namba. 936 ni Kichina cha bara, 932 ni Kijapani, 866 ni Kirusi. Mashine ya Kiingereza cha Marekani hapo huonyesha 437.

Kuubadili, bonyeza Windows na R, andika intl.cpl. Nenda kichupo cha mwisho, bonyeza kitufe cha chini, chagua lugha, kubali kuwasha upya. Kwenye kidirisha hichohicho kuna kisanduku cha tiki kinachohusu UTF-8. Wapo wanaoshauri kukitia tiki kama dawa ya yote. Mimi sikubaliani nao kwa mashine ya gemu. Magemu ya zamani yaliyoandikwa kwa mpangilio wa nchi moja huvurugika nacho, mengine hayafunguki kabisa. Nikikikuta kimetiwa tiki na gemu linagoma, hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokitoa.

Na kama gemu lenyewe ni la Kijapani la zamani, basi mpangilio wa Kijapani ndio unaolifaa. Hakuna mpangilio ulio bora kwa kila kitu, upo unaofaa kwa kile unachokicheza.

Sasa folda. Kwenye cmd andika:

echo %userprofile%

Kwa yule kijana jibu lilikuwa C:\Users\ na mbele yake herufi tatu za Kichina, jina la mwenye mashine wa kwanza. Magemu mengi huhifadhi mchezo ndani ya folda hiyo, na mengine hayajui kusoma herufi zisizo za Kilatini kwenye njia ya faili. Yanafunga kimya kimya kabla hata nembo haijatokea. Kubadili jina la akaunti hakusaidii, folda hubaki na jina lake la zamani. Fungua akaunti mpya yenye jina fupi la herufi za kawaida, bila nafasi wala kialama, na hapo ng’ombe wetu asikaribie. Ingia kwayo, hamisha mafaili, jaribu. Lile gemu lililogoma siku zote lilifunguka mara ya kwanza. Kijana alisimama kabisa kutoka kwenye kigoda.

Mashine za Kituruki zina jambo lao. Kituruki kina i mbili, yenye kitone na isiyo na kitone, na I kubwa ikifanywa ndogo kwa kanuni zao inakuwa ı. Programu iliyoandikwa bila kulifikiria hilo inatafuta faili liitwalo fıle badala ya file, haioni, inaanguka. Nyingine huchanganyikiwa na nchi zinazoandika desimali kwa mkato, 0,5 badala ya 0.5. Yote mawili hutibiwa kwenye intl.cpl ileile, kichupo cha kwanza: chagua Kiingereza cha Marekani au cha Uingereza.

Kuzima

Uliza namna inavyozima. Gemu likifunga peke yake na mashine ikabaki hai, shuku gemu, maktaba zake (mafaili ya msaada linayoyategemea) au draiva (programu inayoiendesha kadi ya grafiki). Kioo kikiwa cheusi lakini sauti inaendelea, shika Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huwasha upya draiva ya grafiki, na picha ikirudi umeshamjua mkosaji. Ikizima puu kama umekata umeme, acha programu, angalia joto na chaja.

Ushahidi unapatikana kwa kuandika perfmon /rel kwenye kisanduku cha Windows na R. Unaletewa mchoro wa siku kwa siku, na siku mbaya zina duara jekundu. Bonyeza siku, fungua maelezo, tafuta namba, maana namba nazo hazitafsiriwi. 0xc000007b mara nyingi ni maktaba za biti 32 na 64 zimechanganyika; weka Visual C++ ya Microsoft, zote mbili, x86 na x64. 0x116 ni draiva ya grafiki iliyoacha kuitikia. 0x1A ni kumbukumbu, andika mdsched uipime. 0x124 ni vifaa vyenyewe. Kwenye eventvwr, daftari la matukio la Windows, utaona pia 41 ya Kernel-Power, na watu huiogopa sana, lakini inasema tu kwamba mashine iliondoka bila kuaga. Haisemi kwa nini.

Draiva ya grafiki nataka iondolewe yote ndipo mpya iwekwe. Shusha kwanza mpya kutoka tovuti ya aliyetengeneza laptopu, kwa namba ya modeli iliyo chini ya mashine. Andika msconfig, kichupo cha pili, tia tiki kisanduku cha kwanza chini kushoto ili mashine iwake katika hali salama (Safe Mode), washa upya. Hakikisha unalijua nenosiri kamili la akaunti, usitegemee PIN pekee. Safisha kwa Display Driver Uninstaller, rudi msconfig utoe tiki, kisha weka mpya.

Halafu joto. Mji wetu uko baharini, na miezi ya kaskazi hewa yenyewe ni nzito na moto hata usiku. Vumbi likikutana na unyevu huo haliwi vumbi tena, linakuwa kama blanketi jembamba lililolala kati ya feni na mapezi ya shaba. Ukiangalia kwa nje feni inaonekana safi. Lazima uifungue ndipo ulione blanketi hilo. Unapopuliza, izuie feni kwa kidole au kijiti isizunguke, maana ikikimbizwa na upepo kuliko kasi yake inaharibika. Pesti ya prosesa ikiwa imekauka kama chokaa, ibadilishe. Kisha pima kwa HWiNFO, programu ya kupimia joto, huku gemu likichezwa: prosesa ikigota karibu nyuzi 100 na kujipunguza kasi, kazi bado haijaisha.

Kijana alikuwa ameniambia anachezea mezani. Nilipofungua nikakuta nyuzi za pamba za rangi ya shuka zimejaa kwenye matundu ya chini. Sikumgombeza. Nilimwambia, mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, niambie tu. Akakiri kwamba ni kitandani, juu ya godoro. Godoro huziba matundu ya kuvutia hewa, na feni iwe nzima namna gani haiwezi kuvuta kitu kisichopo.

Nikasafisha, nikaweka pesti, joto likashuka. Tukajaribu gemu la mpira. Kipindi cha pili, puu.

Hapo nikamwambia aanze mechi tena, na safari hii macho yangu yakawa kwenye alama ya betri. Chaja imechomekwa, taa inawaka, na betri inashuka: 80, 74, 66. Hiyo ndiyo dalili ninayoomba kila mwenye laptopu ya gemu aijue. Nikageuza chaja nikasoma kibandiko. Volti 19.5, ampia 6.15. Zidisha, unapata wati 120. Chini ya laptopu yenyewe kumeandikwa volti 19.5, ampia 9.23, yaani wati 180. Aliyemuuzia alimpa chaja ya mashine nyingine yenye kichwa kinachoingia. Kwa kuandika na kutazama video inatosha kabisa. Gemu likipamba moto, mashine inadai kilichopungua kutoka kwenye betri, na betri ile ilikuwa imechoka. Ikifika mahali haiwezi, umeme unakatika wote. Kupiga Windows mara mia kusingeongeza wati hata moja.

Tulipata chaja ya wati 180 iliyotumika, nzima. Volti lazima zilingane na za mashine. Ampia ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Ilikuja na waya wa plagi ya Kichina, ile ya pini bapa zilizolala mshazari, na kijana alitaka kuichomekea kwenye adapta ya plastiki. Nikamkatalia. Adapta hizo hulegea, zinacheza na kutoa cheche, na mashine ya wati 180 haitaki mzaha. Kibandiko cha chaja kilisema 100–240V, kwa hiyo kilichohitaji kubadilishwa ni waya wa ukutani tu. Nikampa wenye plagi yetu ya pini tatu nene.

Akacheza mechi mbili mfululizo, dakika arobaini, mimi nikiendelea na redio ya mteja mwingine. Betri haikutikisika kwenye 100. Kabla hajaondoka alichukua kalamu yangu ya wino mzito, akabandika kipande cha plasta juu ya chaja na kuandika 9.23A kwa herufi kubwa, kwa sababu nyumbani kwao kuna chaja nyingine tatu nyeusi zinazofanana.